Je, wajua kwa nini nyaya mbili tu zinatosha chipu nyingi kuzungumza?

Chukua bodi ya Arduino Uno, ile ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki huanza nayo, pamoja na moduli ndogo ya saa yenye chipu ya DS3231. Unganisha nyaya nne: mbili za umeme, yaani ya volti 5 na ya GND (upande wa volti sifuri), kisha mbili za mazungumzo, SDA na SCL. Kwenye Uno, SDA ndiyo pini ya A4 na SCL ni A5. Usiandike programu yoyote kwanza. Washa bodi, shika mita ya kupimia volti, ncha nyeusi iguse GND na nyekundu iguse SDA. Utasoma karibu volti 5. Hamia SCL, ni volti 5 tena.

Hakuna chipu inayozungumza hapo, na bado nyaya zote mbili ziko juu. Nani amezipandisha? Natamani kila anayeanza aulize swali hili siku ya kwanza, kabla hajanakili programu ya mtu, kwa sababu ukilijibu umeuelewa mfumo karibu wote.

Mfumo wenyewe unaitwa I2C. Ulibuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982, ili chipu zilizomo ndani ya kifaa kimoja, televisheni kwa mfano, ziwasiliane bila msitu wa nyaya. Data hupita kwenye SDA biti moja baada ya nyingine (waya ukiwa juu biti ni 1, ukiwa chini ni 0), kama watu kwenye foleni, na SCL hupiga mapigo ya kuonyesha ni wakati gani kila biti isomwe. Kwa kasi ya kawaida ni mapigo 100,000 kwa sekunde.

Sasa tazama moduli ya saa kwa karibu. Kuna rezista, vipande vya kupunguza mkondo wa umeme, ndogo sana zilizobandikwa juu yake, na mbili kati ya hizo, za omu 4,700 kila moja, zinaunganisha SDA na SCL na upande wa volti 5. Hizo ndizo zinazopandisha. Chipu yenyewe haipandishi waya hata mara moja. Inaweza kufanya mambo mawili tu: kuuvuta waya chini hadi sifuri, au kuuachia.

Fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa vizuri uani. Yeyote aliye karibu anaweza kuivuta chini, na wote waliopo wataona imeshuka. Akiiachia inarudi juu yenyewe. Wakiivuta wawili kwa pamoja, hakuna kinachokatika, kamba iko chini tu. Lakini ingekuwa mmoja anaisukuma juu kwa nguvu huku mwenzake anaivuta chini, hapo pangeharibika kitu. Kwenye umeme ni hivyo hivyo: chipu moja ikitoa volti 5 na nyingine ikivuta waya ule ule hadi GND, hiyo ni shoti, na chipu zinaweza kuungua. I2C imeifunga njia hiyo tangu mwanzo. Hata wakitokea viongozi wawili, yaani chipu mbili za kuanzisha mazungumzo, wakaanza kuzungumza kwa wakati mmoja, yule anayeachia waya na kuukuta bado uko chini anajua kuna mwingine kazini, ananyamaza. Ujumbe wa mwenzake haupotezi hata biti moja.

Mazungumzo yenyewe yana adabu ya hodi na karibu. Bodi yako, ambayo ndiyo kiongozi, inavuta SDA chini wakati SCL iko juu. Hiyo ni hodi, na kila chipu kwenye nyaya hizo inatega sikio. Kisha inataja anwani ya biti 7, na biti ya nane inayosema kama inataka kusoma au kuandika. Kwenye pigo la tisa kiongozi anaachia SDA na kungoja. Mwenye anwani hiyo akiwapo, anaivuta chini: karibu. SDA ikibaki juu, hakuna mtu nyumbani.

Ndiyo maana programu ya kwanza kuipakia kwenye bodi ingekuwa ile ya kutafuta anwani. Kazi yake ni kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Biti 7 zinatoa anwani 128, na 16 kati yake zimetengwa kwa kazi maalumu, hivyo zinabaki 112. Kwa maktaba ya Wire, yaani programu ya I2C iliyoandikwa tayari kwa Arduino, unaita beginTransmission na anwani, kisha endTransmission. Likirudi jibu 0, kuna aliyeitikia. Nilipoiendesha mara ya kwanza kwenye moduli ya saa nilitarajia jibu moja, yakaja mawili: 0x57 na 0x68 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Nilidhani nimekosea nyaya. Kumbe moduli ile ina wapangaji wawili, saa kwenye 0x68 na chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye 0x57. Pale pale nilipenda mfumo huu, maana bodi ilinionyesha kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita.

Usipopata jibu lolote, usikimbilie programu. Rudi kwenye mita. SDA au SCL ikisoma karibu sifuri muda wote, ama hakuna rezista ya kuupandisha waya ama kuna kitu kinaushikilia chini. Moduli isiyo na rezista utaiwekea mwenyewe: zile za omu 4,700, zenye michirizi ya njano, zambarau na nyekundu, moja kutoka SDA hadi volti 5 na nyingine kutoka SCL.

Ila zikizidi nazo ni tatizo. Moduli nyingi huja na rezista zake, na zikiunganishwa kwa pamoja zinagawana kazi, upinzani unashuka. Moduli nne zenye omu 4,700 kila moja zinakuwa kama rezista moja ya omu 1,175. Kwa volti 5, chipu ya kawaida inahakikishiwa kuvuta miliampea 3, na hiyo inataka upinzani usiopungua omu 1,500 hivi. Chini ya hapo chipu inavuta lakini waya hauhakikishiwi kushuka vya kutosha, na makosa yanaanza kuja mara moja moja, yale yanayochosha zaidi kuyatafuta. Ng'oa rezista za moduli mbili, ubakize zilizobaki.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kihisi cha mwendo cha MPU-6050 nacho kinatumia 0x68, sawa na ile saa. Viweke pamoja, programu ya kutafuta itaonyesha 0x68 moja tu, kwa sababu wote wawili wanaitikia karibu kwa sauti moja. Ukisoma saa, kila mmoja anatuma biti zake, na kila penye sifuri, sifuri inashinda, kwa kuwa anayevuta ndiye anayeonekana. Dakika unazopata si za saa wala namba za kihisi, ni mchanganyiko. Lisha moduli zote mbili volti 3.3, kisha unganisha pini ya kihisi iitwayo AD0, ile ya kubadilisha anwani yake, na volti hizo hizo 3.3. Endesha programu tena: 0x57, 0x68, 0x69.