Je, wajua? Amri ya "bandwidth" haiongezi kasi ya laini ya ruta

Ukiunganisha ruta mbili za Cisco (vifaa vya kuelekeza data kati ya mitandao) kwa kebo ya siriali, utakutana na amri mbili ambazo wengi huzichanganya: "clock rate" na "bandwidth". Moja inaendesha waya. Nyingine inaipa ruta habari tu.

Laini ya siriali hupitisha biti mojamoja, na upande unaopokea hujua wakati wa kuisoma kila biti kwa kufuata mapigo ya saa. Mapigo hayo hutolewa na upande mmoja, DCE; mwenzake, DTE, hufuata. Kwenye laini ya kukodi, kifaa cha kampuni ya simu ndicho hutoa saa, kwa hiyo huna cha kuweka. Maabara ni habari nyingine: kichwa cha kebo ndicho huamua nani ni DCE. Usibahatishe, andika "show controllers serial 0/0/0" na utasoma DCE au DTE papo hapo. Upande wa DCE weka "clock rate 64000", yaani biti 64,000 kwa sekunde. Ukisahau kwenye ruta za zamani, kiolesura (tundu la ruta linaloshika kebo) kitaonekana "up" huku "line protocol is down", yaani data haipiti. Nyingi za baadaye hujiwekea 2000000 zenyewe.

"Bandwidth" haigusi waya. Kuandika "abiria 33" ubavuni mwa matatu ya watu 14 hakuongezi viti. Lakini ruta huiamini namba hiyo inapochagua njia, na usipoigusa hubaki 1544 (kilobiti kwa sekunde), kasi ya T1, laini ya kukodi ya Marekani, hata kama laini yako ni E1, mwenzake wa Ulaya, ya kilobiti 2,048 au kijilaini cha 64.

Hapo ndipo mambo huharibika. OSPF, itifaki ya kuchagua njia, hugawa 100,000,000 kwa kasi hiyo katika biti ili kupata gharama ya laini, na njia yenye gharama ndogo ndiyo huchaguliwa; 1544 hutoa gharama ya 64. Tuseme una laini ya moja kwa moja ya kilobiti 64, na njia ya kuzunguka yenye laini mbili za E1. Zote zikiachwa na 1544, ya moja kwa moja ni 64 na mzunguko ni 128. Trafiki yote inajibana kwenye laini finyu. Weka "bandwidth 64" na gharama yake inaruka hadi 1562. EIGRP, itifaki nyingine ya kuchagua njia, nayo hujiruhusu hadi nusu ya namba ya "bandwidth" kwa pakiti zake: ukiiacha 1544, ni kilobiti 772, kwenye waya wa 64!

Angalia vipimo: "clock rate" ni biti, "bandwidth" ni kilobiti. Ukiandika "bandwidth 64000", OSPF itaona megabiti 64 na kuipa laini gharama ya 1. Weka namba ileile pande zote mbili, la sivyo pakiti huenda zikaenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kama shida yako ni OSPF peke yake, tumia "ip ospf cost" na uiache "bandwidth" iseme ukweli.