Uzio Haumfunzi Mbwa: Dhana Potofu Kuhusu Viwanja vya Mbwa vya Kukodi

Hapa Uingereza, kukodisha kiwanja kidogo kilichozungushiwa uzio ili mbwa na mwenyewe wakitumie peke yao kwa nusu saa au saa moja kumekuwa shughuli ya kawaida kwa wenye mashamba, na mimi, ninayekodisha kiwanja cha namna hiyo na kufundisha mbwa humo humo, nimesikia maneno yale yale kutoka kwa wateja mara nyingi mno hata nimeona ni wajibu wangu kuyaandikia. Mteja huchagua muda kwenye tovuti, hulipa, hutumiwa namba ya kufuli, huingia na kufunga geti nyuma yake, na kwa muda huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia. Utaratibu ni mwepesi, na nadhani wepesi huo ndio unaowafanya watu waamini kwamba uzio umebeba kazi yote. Uzio una kazi moja tu, nayo ni kumzuia mbwa asitoke. Mengine yote hubaki mikononi mwa aliyemleta.

“Humu ndani yuko salama, sina haja ya kumwangalia”

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu anayeishikilia huwa ametoa fedha zake na kuja kwa nia njema, kisha huondoka na mbwa mkaidi kuliko yule aliyeingia naye. Mwenye mbwa hufungua kamba mara geti linapofungwa, huketi kwenye benchi, hutoa simu, na mbwa huenda zake. Muda unapokaribia kwisha huanza kuita, na mbwa, ambaye hajasikia jina lake tangu aingie, hata kichwa hageuzi. Huita tena na tena huku sauti ikipanda, na mwishowe humfukuza mbwa kiwanja kizima wakati mteja anayefuata anasubiri ndani ya gari. Katika dakika hizo chache mbwa amepata masomo matatu: kwamba neno “njoo” halina maana yoyote, kwamba kumkwepa mtu mwenye kamba ni mchezo mtamu, na kwamba siku akikubali kuja, uhuru wake utakoma papo hapo. Somo hilo la tatu ndilo gumu kulifuta, kwa kuwa mbwa anayeitwa mara moja tu, mwisho wa muda, hana sababu yoyote ya kupenda kuitwa.

Ukweli ni kwamba kiwanja chenye uzio ni mahali pazuri sana pa kumfunza mbwa kurudi anapoitwa, ilimradi mwenyewe awe mwalimu kwa muda wote aliolipia. Nawaomba wateja wapya waje na kamba ndefu ya mita 10 na waifunge kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kwenye ukosi wa shingoni, kwa sababu mbwa anayefika mwisho wa kamba akiwa mbioni anaweza kuumia shingo vibaya. Dakika za kwanza zitumike kutembea taratibu ili mbwa anuse na kutulia. Kisha aitwe akiwa hatua chache tu kutoka kwa mwenyewe, na tena wakati ambapo tayari ameelekeza macho kwake, apewe kipande cha nyama au jibini, halafu aachiliwe aende tena. Kuachiliwa huko ni sehemu ya malipo, pengine kubwa kuliko nyama yenyewe. Mbwa aitwe hivyo mara nyingi ndani ya saa moja, afungwe kamba na kufunguliwa tena mara kadhaa, ili ile mara ya mwisho, ya kuondoka kweli, isiwe na alama yoyote inayoitofautisha na nyingine. Asipoitika, asiitwe mara ya pili; mwenyewe ageuke na kuondoka upande mwingine kwa mwendo wa haraka, na mbwa wengi watamfuata. Mbwa aliyechelewa kurudi asipigwe wala kukaripiwa, kwa maana yeye huunganisha adhabu na jambo alilofanya mwisho, na jambo hilo ni kurudi.

Hata baada ya hapo, anayerudi vizuri kiwanjani bado hajajifunza kurudi akiitwa katika bustani ya umma. Mbwa ni wagumu wa kuhamisha somo kutoka mahali pamoja hadi pengine, na ndani ya uzio wangu hakuna kulungu, hakuna baiskeli, hakuna watoto wenye mkate mkononi. Kila mahali papya kamba ndefu irudi na somo lianze karibu upya, ingawa safari hii litakwenda haraka zaidi. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole zaidi ya nilivyokwisha kulisema: kulipia viwanja kwa miaka mingi bila kufundisha ni kununua mapumziko ya mtu, si elimu ya mbwa.

Usalama wenyewe una mipaka, na hapo pia macho ya mwenye mbwa hayana mbadala. Uzio wa mita 1.8, ambao ndio kimo cha kawaida cha viwanja hivi, huwatosha mbwa wengi, lakini aina kama Husky na Malinois wana uwezo wa kuupanda au kuuruka wakidhamiria, na mbwa wa jamii ya terrier hawajali kimo hata kidogo kwa kuwa wao huchimba. Waya uliotengenezwa kwa ajili ya kuzuia kulungu huwa na matundu makubwa kwa juu, na kama matundu ya chini si madogo, mbwa mchanga hupenya bila taabu. Sungura na mbweha hufukua chini ya waya usiku, na upepo mkali huangusha tawi juu ya uzio saa moja baada ya mwenye kiwanja kupita kuukagua. Kwa hiyo mteja na atembee na mbwa wake akiwa kwenye kamba, azunguke uzio wote kabla ya kumfungua. Mzunguko huo una faida nyingine kubwa kwa Greyhound na jamaa zake, ambao mwendo wao unaweza kukaribia kilomita 70 kwa saa: waya mwembamba hauonekani vizuri kwa mbwa aliye katika kasi hiyo, na asiyejua ulipo anaweza kuugonga na kuvunjika. Mageti nayo yawe mawili yanayofuatana, na la pili lisifunguliwe kabla la kwanza halijafungwa. Kiwanja chenye geti moja linalofunguka moja kwa moja barabarani mimi nisingekilipia.

“Akikimbia saa nzima bila kupumzika, nyumbani atatulia”

Wanaosema hivi huja na kile kifimbo cha kurushia mpira, nao hurusha mpaka mbwa ulimi unaning’inia. Kukimbilia mpira mara kwa mara, kukanyaga breki ghafla na kujigeuza viungo vikiwa bado baridi huumiza magoti, mabega na kano, na mbwa aliyezoeshwa hivyo hawi mtulivu: huwa na pumzi nyingi kuliko mwanzo, huhitaji mbio ndefu zaidi kila wiki, na hushindwa kulala kwa sababu mwili umechoka ilhali akili bado imepamba moto. Katika muda wa saa moja, ningependa kuona nusu au zaidi ikienda kwenye kunusa. Tawanya punje za chakula chake kwenye nyasi ndefu na umwache azitafute kwa pua. Dakika kumi na tano za kazi hiyo huwatuliza mbwa wengi kuliko mipira hamsini.

Kiangazi jambo hili huwa la hatari zaidi. Watu wengi wameshika onyo la kutomwacha mbwa garini, na ni onyo la kweli, lakini utafiti wa chuo cha tiba ya mifugo cha Royal Veterinary College uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya mbwa waliozidiwa na joto nchini Uingereza walizidiwa kutokana na mazoezi. Mbwa wenye pua fupi, kama Bulldog na Pug, ndio wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa mbwa hujipoza hasa kwa kuhema na hao njia yao ya hewa ni finyu. Mteja mwenye mbwa wa aina hizo anayechagua saa nane mchana mwezi Julai kwa sababu saa za asubuhi zimejaa ni afadhali akose kabisa siku hiyo.

“Viwanja hivi ni vya mbwa wakali”

Si kweli. Wateja wa viwanja hivi ni pamoja na wenye mbwa viziwi, mbwa wazee, mbwa waliotoka kwenye makazi ya waliotelekezwa na bado wanaogopa kila kitu, mbwa wa kuwinda ambao hawawezi kuachiliwa karibu na kondoo, na watu wanaotembea kwa magongo ambao hawawezi kumfuata mbwa porini. Ni kweli pia kwamba mbwa anayehamaki akiona wenzake hupata humu pumziko ambalo hawezi kulipata bustanini, lakini pumziko si tiba, na tena huharibika mara moja iwapo mteja anayetoka anapishana getini na anayeingia. Ndiyo maana ninaacha dakika kumi tupu kati ya mteja na mteja, na ndiyo maana ninawakasirikia wanaofika mapema na kumshusha mbwa ili “anyooshe miguu” kando ya uzio.

“Hakuna mbwa mwingine humu, kwa hiyo hakuna ugonjwa”

Hakuna mbwa mwingine sasa hivi, asubuhi walikuwapo. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha mbwa hata kuwaua, hudumu udongoni kwa miezi mingi, na mayai ya minyoo ya Toxocara hudumu kwa miaka. Mayai hayo hayaambukizi yakiwa mapya, yanahitaji wiki kadhaa kukomaa, na hiyo ndiyo sababu kinyesi kilichookotwa siku ile ile huwa kimeondoka na hatari yake, wakati kilichoachwa nyasini huipanda hapo. Konokono na koa hubeba minyoo ya mapafu iitwayo Angiostrongylus vasorum, kwa hiyo bakuli na vichezeo visilale nje. Kila mteja aje na maji yake na bakuli lake. Chanjo na dawa za minyoo zitangulie, na wale wanaoniandikia kutoka Nairobi na Arusha wakitaka kuanzisha huduma kama hii nawaambia waanze kwa kudai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila anayeingia.

Wapo pia wanaoamini kwamba kinyesi cha mbwa ni mbolea. Sicho. Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba kimelea cha Neospora caninum, kinachosababisha ng’ombe kuharibu mimba, na mwenye kiwanja anayekata nyasi zake na kumuuzia jirani mfugaji anaweza kumtia hasara kubwa.

“Nimekodi, kwa hiyo ni mahali pangu na sheria hainihusu”

Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 inakataza mbwa kuwa nje ya udhibiti kwa namna ya hatari, na tangu mwaka 2014 katazo hilo linahusu hata ardhi ya mtu binafsi. Wenye XL Bully, aina iliyopigwa marufuku ambayo mbwa wake mwenye cheti cha msamaha lazima afungwe kamba na kifaa cha kumzuia kuuma awapo mahali pa umma, huniuliza kila mara kama wanaweza kumwondolea vyote viwili humu. Sheria hiyo, katika kifungu cha 10, inahesabu kuwa mahali pa umma pahali popote ambapo umma unaruhusiwa kuingia, pawe na uzio au pasiwe nao, kwa malipo au bila malipo. Kwa maneno hayo jibu langu ni hapana, na silibadilishi kwa sababu mbwa ni mpole.

“Nyasi ni zile zile, kibali cha nini?”

Hili ni la wenye mashamba wa England wanaonipigia simu wakiwa tayari wamenunua nguzo. Kilimo ni matumizi mamoja na kufanyisha mbwa mazoezi kwa malipo ni matumizi mengine, hivyo kibali cha halmashauri cha kubadilisha matumizi ya ardhi kinahitajika hata kama hakuna tofali lililojengwa. Ruhusa ya matumizi ya muda ni siku 28 tu kwa mwaka, na uzio usiozidi mita 2, au mita 1 kando ya barabara ya magari, ambao kwa kawaida hauhitaji ombi, hauhalalishi biashara inayofanyika ndani yake. Halmashauri itataka kujua magari yataegeshwa wapi, anayetoka ataona barabara vizuri kiasi gani, na majirani watasikia nini, na haya yote ni heri yajulikane kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Wengi wao huamini pia kwamba fomu ambayo mteja anatia saini kuwa “anaingia kwa hatari yake mwenyewe” inawakinga na kila dai. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 haimruhusu mfanyabiashara kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, na chini ya sheria ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa wenye ardhi, kila mteja ni mgeni anayestahili kuangaliwa usalama wake. Kinachosaidia ni bima ya dhima kwa umma inayotaja shughuli hii waziwazi, pamoja na daftari la ukaguzi wa uzio linaloandikwa kila asubuhi: tarehe, saa, kilichoonekana, na kilichorekebishwa kabla mteja wa kwanza hajapewa namba ya kufuli.