Saratani ya kongosho: msimnyime mgonjwa ugali
"Sukari inalisha saratani, mwacheni asile ugali." Hapa Kisumu, mgonjwa wa saratani ya kongosho mwenye kisukari husikia hayo kwa kila anayekuja kumjulia hali. Si kweli. Kumnyima chakula hakuui uvimbe; kunammaliza yeye, na tayari amekonda.

Kongosho ndiyo hutengeneza insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), pia vimeng'enya vya kusaga chakula. Ikiharibika, sukari hupanda na mafuta hupita bila kusagwa: choo huelea na kunuka vibaya. Amwulize daktari kuhusu vidonge vya vimeng'enya, ambavyo humezwa wakati wa kula, si sahani zikishaondolewa. Ale ugali na samaki wake, kidogo kidogo; insulini ndiyo irekebishwe ifuate mlo. Akitapika au akishindwa kula, msimdunge dozi ileile kwa mazoea. Mpimeni sukari, mpigie kliniki simu. Sukari ikishuka sana, hutokwa jasho, hutetemeka, hata kuzimia.