Almaty na Olimpiki ya 2022: mji wenye theluji uliokosa kura

Tarehe 31 Julai 2015, mjini Kuala Lumpur, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) walipiga kura kuchagua mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2022. Beijing ilipata kura 44, Almaty ya Kazakhstan ikapata 40, na kura moja haikwenda upande wowote. Wajumbe watatu tu wangegeuza msimamo, matokeo yangekuwa mengine. Tangu siku hiyo watu wengi wamekuwa wakijiuliza ilikuwaje mji uliokaa chini ya milima yenye theluji ya asili ushindwe na mji uliojulikana mapema kwamba ungetegemea theluji ya kutengenezwa kwa mashine. Kwa maoni yangu, theluji haikuwa kipimo kikuu cha kura ile. Wajumbe walikuwa wakipima ni nani anayeweza kuaminiwa kugharimia michezo hiyo kwa miaka saba mfululizo, na hapo Almaty ilianza ikiwa nyuma.

Kwa upande wa michezo yenyewe, ombi la Almaty lilikuwa na nguvu. Juu kidogo ya mji, katika mwinuko wa mita 1,691 kutoka usawa wa bahari, upo uwanja wa Medeu, uliojengwa enzi za Muungano wa Kisovieti kwa ajili ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Hewa nyepesi ya mlimani, ambayo humpunguzia mwanamichezo upinzani wa upepo, iliufanya uwanja huo kuwa mahali pa kuvunjia rekodi za dunia kwa miaka mingi. Ukiendelea kupanda kutoka Medeu unafika Shymbulak, kituo cha skii kinachofikiwa kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma. Karibu viwanja vyote vilivyopendekezwa vilikuwa ndani ya umbali wa kilomita 30, ilhali Beijing ilipanga kuwapeleka wanamichezo Yanqing, na wengine hadi Zhangjiakou, zaidi ya kilomita 150 kutoka katikati ya mji. Tena Almaty haikuwa ngeni katika uandaaji: mwaka 2011 ilishirikiana na Astana kuandaa Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi, na wakati wa kura ilikuwa ikijiandaa kwa michezo ya vyuo vikuu ya mwaka 2017. Haikushangaza, basi, kwamba kaulimbiu yake ilisisitiza uhalisia wa theluji na wa milima, jambo ambalo kila msikilizaji alitambua ni kijembe kwa Beijing.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba Almaty na Beijing zilibaki peke yake kwa sababu miji mingine yote iliyoomba ilijitoa. Stockholm iliondoka mapema mwaka 2014. Krakow ilijitoa baada ya wakazi wake kulikataa wazo hilo kwa wingi mkubwa katika kura ya maoni ya Mei 2014, na Lviv ikazuiwa na vita mashariki mwa Ukraine. Oslo, ambayo wengi waliiona kuwa mgombea bora, ilijitoa Oktoba 2014 serikali ya Norway ilipokataa kutoa dhamana ya fedha, huku magazeti ya nchi hiyo yakiwa yamechapisha orodha ya matakwa ya ukarimu ya IOC, ikiwamo tafrija pamoja na mfalme. Wananchi wa nchi tajiri walikuwa wamezisikia gharama za Sochi, mji wa Urusi ulioandaa michezo ya mwaka 2014, wakaogopa.

Dhamana hiyo ndiyo kiini cha mambo. Mji unapoomba uenyeji, serikali ya nchi huahidi kwa maandishi kwamba itafidia upungufu wa fedha, itasimamia usalama na itajenga miundombinu inayotakiwa. Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda waliofuatilia ombi la pamoja la Afcon ya mwaka 2027 wanaufahamu utaratibu wa namna hiyo. Kazakhstan ilitoa ahadi zake, lakini uchumi wake unategemea mafuta, na bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka tangu nusu ya pili ya mwaka 2014. Ripoti ya kamati ya tathmini ya IOC ililitaja jambo hilo waziwazi, pamoja na uzoefu mdogo wa mji katika matukio makubwa. Ripoti hiyohiyo ilieleza uhaba wa theluji wa Beijing, ila uhaba wa theluji una mashine za kuutatua. Kuhusu haki za binadamu, nchi zote mbili zilishutumiwa, hivyo hoja hiyo haikumpa yeyote nafuu.

Kuna kanuni nyingine ambayo huzungumzwa kidogo, nayo nadhani iliiumiza Almaty kuliko inavyodhaniwa. Baada ya kashfa ya rushwa iliyohusu mji wa Salt Lake City wa Marekani kupewa Olimpiki ya mwaka 2002, IOC iliwakataza wajumbe wake kutembelea miji inayoomba. Katazo hilo lilikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo, Beijing iliandaa Olimpiki ya mwaka 2008 na wajumbe wengi walikwishaiona kwa macho yao, wakati Almaty walipaswa kuijua kupitia ripoti, video na hotuba. Waziri Mkuu wa Kazakhstan wakati huo, Karim Massimov, alilazimika kutumia sehemu ya hotuba yake Kuala Lumpur kuwahakikishia wajumbe kwamba kuuchagua mji wake si kucheza kamari, utetezi ambao mpinzani wake hakuuhitaji.

Siku ya kura vishikwambi vya kupigia kura vilipata hitilafu, ikabidi zoezi lirudiwe kwa karatasi. Matokeo ya duru ile ya kwanza hayakutangazwa, nafasi ambayo wapenda uvumi wameitumia vizuri hadi leo.

Wiki tatu baadaye, tarehe 20 Agosti 2015, Kazakhstan iliacha kudhibiti thamani ya sarafu yake, tenge, nayo ikashuka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Waliohofia dhamana waliona wamethibitishiwa. Na Januari 2022, mwezi mmoja kabla ya michezo kufunguliwa Beijing, maandamano yaligeuka ghasia Almaty, jengo la utawala wa mji likachomwa moto na uwanja wa ndege ukavamiwa. Hakuna awezaye kusema kama hayo yangetokea iwapo mji huo ungekuwa mwenyeji, kwa hiyo si haki kuyatumia kuhalalisha kura iliyopigwa miaka saba kabla.

IOC yenyewe ilibadilisha utaratibu mwaka 2019. Sasa tume maalumu huzungumza na miji inayovutiwa, huchagua inayopendelewa, kisha wajumbe huidhinisha, kama walivyofanya Julai 2024 walipoipa Milima ya Alpi ya Ufaransa uenyeji wa mwaka 2030. Utaratibu huu unaiokolea miji gharama za kampeni na aibu ya kushindwa hadharani. Lakini mji kama Almaty, ambao mwaka 2015 ulipata fursa ya kujieleza mbele ya ukumbi mzima na kukaribia ushindi kwa kura nne, leo unaweza kukataliwa katika mazungumzo ya faragha kabla wajumbe walio wengi hawajausikia.