Asilimia 10 ya nini jamani? Dhana za saizi ya sampuli zinazonichosha

Nakaa sana na wanafunzi wa masta kwenye hesabu za sampuli, yaani wale watu wachache unaowahoji kwa niaba ya wote, na hakuna sentensi inayonichosha kama hii: "Dokta, wilaya yangu ina watu laki tatu, mi nimechukua asilimia 10, inatosha eh?" Asilimia 10 ya laki tatu ni watu elfu 30, sasa hao nani atawahoji na nauli anatoa nani? Halafu anakuja mwingine ana walimu 80 tu, naye kachukua asilimia 10 ileile, walimu 8! Huyu akisema nusu ya walimu wameridhika na kazi, jibu lake linaweza kupotoka kwa takriban 33 juu au chini, yaani popote kati ya asilimia 17 na 83, hapo umetuambia nini?

Ukweli ni kwamba usahihi unatokana na idadi ya watu uliowahoji, siyo wao ni asilimia ngapi ya wote. Maabara wakikupima malaria hawachukui damu nyingi zaidi eti kwa sababu wewe ni mnene. Fungueni lile jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha kundi la ukubwa fulani linataka uhoji wangapi, ambalo kila mtu analinakili bila kulisoma: kundi la watu 80 linataka 66, la 1,000 linataka 278, la 10,000 ni 370, la 75,000 ni 382, na milioni nzima ni 384 tu. Namba inapanda halafu inagoma. Ukubwa wa kundi unakusumbua pale tu kundi likiwa dogo.

Sasa wapo waliokariri hiyo 384 wanaibandika kila mahali. Hiyo ni ya kukadiria namba moja tu ya asilimia (mfano walioridhika ni asilimia ngapi), jibu likiruhusiwa kupotoka kwa 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, tena sampuli ya nasibu kwelikweli, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wewe unalinganisha makundi mawili, inakuhusu nini? Kuona tofauti kati ya kundi lenye asilimia 20 na lenye 50 unahitaji watu karibu 40 kila upande kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti kama kweli ipo), ila tofauti kati ya 40 na 50 inataka karibu 390 kila upande. Ndo maana nauliza unatafuta tofauti kubwa kiasi gani, na mtu ananiangalia kama nimemtukana.

Eti 30 inatosha kwa kila kitu? Hapana, achana nayo.

Eti sampuli ikiwa kubwa hata ukiokota watu hovyo mambo yatajirekebisha? Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kadi za maoni ya wapiga kura zaidi ya milioni 2 likatangaza Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais, na Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Walitumia sana orodha za wenye simu na magari, na waliojibu ni wale waliojisikia kujibu.

Ukichagua vijiji kwanza ndo uingie kwenye kaya, majirani wanafanana, kwa hiyo zidisha idadi ya sampuli yako, wengi huzidisha mara 2 wakikosa namba bora ya eneo lao.

Na mkitegemea asilimia 10 hawatajibu msijumlishe asilimia 10 juu ya 384 mkapata 422, mnagawanya 384 kwa 0.9, ni 427.