Kiti cha Mwarabu hakikuwa cha Waswahili wote

Ukikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, utasikia watu wakisema kwamba enzi za Mwingereza Waislamu wote wa Pwani walikuwa na mwakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Si kweli, na waliotengwa wanastahili kutajwa.

Katika miaka ya 1920 viti vya kuchaguliwa viligawanywa kwa rangi: Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1. Waafrika hawakuwa na kura. Aliteuliwa mmisionari wa Kizungu awasemee, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944. Hata hivyo walio wengi katika baraza walikuwa maofisa wa serikali, kwa hiyo mbunge mmoja angeweza kulalamika tu.

Sasa kile kiti cha Mwarabu. Mpiga kura alitakiwa kuhesabiwa Mwarabu, na serikali haikuwahesabu hivyo Thenashara Taifa, zile koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, yaani Miji Tisa na Miji Mitatu. Mtu wa koo hizo, tuseme Mkilindini au Mtangana, aliyesali safu moja na jirani yake Mwarabu, pengine wakwe, aliandikwa "mwenyeji" na akatozwa kodi ya wenyeji. Jirani hakutozwa kodi hiyo. Na hao Thenashara Taifa ndio wenye mji! Uchungu huo ndio uliowafanya waunde chama chao, Afro-Asian Association, mwaka 1927, wadai hadhi sawa. Madai yao yalichukua miaka mingi kusikilizwa, na ufa uliobaki kati ya nyumba na nyumba ulichorwa na daftari la serikali.