Paa la gari halinywi mafuta

Ijumaa jioni, mawingu ya Novemba yamefunika Lubumbashi yote, simu yangu ikalia kwa habari ninayoijua kwa moyo. "Papa, nimeongeza mafuta ya breki lakini paa iko inakatala kupanda." Alikuwa dereva wa Mercedes CLK ya 1999, gari la wazi lenye paa la kitambaa linalojikunja kwa swichi, la kukodisha kwa arusi, na kesho yake bibi arusi alitakiwa kusimama ndani yake kutoka Kampemba mpaka Golf. Paa lilikuwa limegota katikati, mfuniko wa nyuma uko wazi, ngurumo zinasikika. Nilipofika, juu ya zulia la buti palikuwa na chupa tatu za mafuta ya breki. Zote tupu.

Kijana yule si mzembe. Gari lake linang'aa kuliko magari ya wakubwa wengi hapa mjini. Ila kuna fundi aliyemwambia kwamba paa la haidroliki, yaani linalosukumwa na mafuta yenye presha, "linakunywa" mafuta kama injini iliyochoka, na kwamba mafuta yoyote mepesi yanafaa. Maneno yote mawili si kweli, na nimeyasikia mara nyingi mno mwaka huu.

Injini inapunguza mafuta kwa sababu ina moto ndani. Kwenye paa hakuna moto. Kuna pampu ya umeme ndani ya buti, kichupa chake, mipira myembamba na silinda. Pampu inasukuma mafuta upande mmoja wa pistoni, na mafuta ya upande wa pili yanarudi yalikotoka. Yanazunguka humo humo miaka nenda miaka rudi. Yakipungua, yametoka, na yakitoka yameingia mahali: chini ya zulia, ndani ya ubavu wa gari, au kwenye kitambaa cha juu mbele. Kwenye CLK hii na kwenye SL ya miaka ya 1990, silinda ya kufungia paa mbele iko juu ya kioo cha kutazamia nyuma. Sili yake, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, ikifa, tone linaangukia watu wa mbele. Wateja huniambia ni mvua. Mwezi wa saba, Lubumbashi, mvua? Shika tone lile kwa vidole viwili usugue. Maji hayatelezi hivyo.

Sasa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wanakosea, kwa hiyo nivumilieni. Silinda ina shafti. Shafti ikiwa ndani, inachukua nafasi. Ikitoka nje, nafasi ile inajazwa na mafuta, na mafuta hayo yanatoka kwenye kichupa. Kwa hiyo mafuta kwenye kichupa yanashuka na kupanda kila paa linapotembea, bila tone hata moja kupotea. Ndiyo maana kijitabu cha gari kinataja paa liwe katika hali gani unapopima. Ukipima paa likiwa katikati ya safari, kama alivyofanya kijana wetu, unaona kichupa kimepungua. Unajaza mpaka kwenye mstari. Shafti zinarudi ndani, mafuta yanarudi kwenye kichupa kilichojaa tayari, yanamwagikia zulia. Kesho unaona zulia limelowa, unasema linavuja, unapima tena vibaya, unajaza tena. Nimepokea gari lililozungushwa hivyo mwaka mzima, na sili zake zote zilikuwa nzima.

Halafu hayo mafuta ya breki. Chukua chupa safi ya maji, tia nusu mafuta ya madini yanayotumika kwenye paa za namna hii, nusu mafuta ya breki ya DOT 4, tikisa kwa nguvu, iache usiku mmoja. Asubuhi utakuta tabaka mbili. Ya breki imelala chini kwa sababu ni nzito zaidi. Hayajachanganyika, na ndani ya pampu yako hayatachanganyika. Mafuta ya breki pia yanavuta unyevu wa hewa, na yakigusa rangi ya gari yanaibabua. Ila baya zaidi ni yanavyoitenda sili. Kila raba imechaguliwa kwa mafuta yake. Raba ya mfumo wa breki ukiitia mafuta ya madini inavimba mpaka inakwama, na raba ya mafuta ya madini ukiitia ya breki inaharibika vilevile. Wazee waliotengeneza Citroën DS wanalijua hili vizuri. Gari hilo la Kifaransa lilitembea kwa haidroliki, na kiwanda kilipohama kutoka LHS, mafuta ya jamii ya breki, kwenda LHM, mafuta ya madini, kwa magari ya modeli ya 1967, sili zilibadilishwa na vyombo vya mfumo mpya vikapakwa kijani, ili fundi asije akakosea. Watu wa kiwanda waliona hatari hiyo ni kubwa kiasi cha kuipaka rangi.

Najua hili la breki lilitoka wapi. Magari mengi ya wazi ya Marekani ya miaka ya 1950 yalitumia kweli mafuta ya breki kwenye paa, na sili zake zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Baadaye viwanda vilihamia mafuta ya gia za otomatiki. Maarifa ya gari moja yamebebwa na kupelekwa kwenye gari lingine ambalo halihusiki. Soma kijitabu, soma maandishi ya kwenye kichupa, na kama hayasomeki, usimimine kitu mpaka umejua.

Usiku ule tuliachia presha, tukawa watu wanne, tukalifunga paa kwa mkono taratibu. Arusi ilipita na paa lililofungwa, na mvua ilinyesha kweli. Jumatatu nilitoa silinda ya mbele. Sili ya ndani ilinishika kidole kama bukari (ugali) mbichi. Nilipoivuta ilikatika bila sauti. Haya si mafuta ya breki peke yake, niseme haki: sili nyingi za miaka ile ni za poliurethani, ambayo unyevu huila polepole hata gari likiwa limelala gereji. Mafuta ya breki yalimalizia tu.

Kabla hujagusa silinda yoyote, weka gogo imara chini ya paa. Presha ya mifumo hii inapita bar 100, na gurudumu lako lina kama bar 2. Usitafute mvujo kwa kidole. Tumia kipande cha karatasi ngumu. Ziba midomo ya mipira kila unapoifungua, maana vumbi letu jekundu likiingia ndani linachora shafti. Pitisha ukucha kwenye shafti: ukisikia mkwaruzo, sili mpya haitadumu.

Kama paa halitembei kabisa na kichupa kiko sawa, anza na betri. Washa injini, jaribu tena. Halafu fyuzi, halafu swichi ndogo zinazoiambia kompyuta kila kitu kiko wapi. Pazia la mizigo ndani ya buti lisipovutwa na kushikizwa mahali pake, paa haliondoki, na kuna mtu aliyelipa nauli ya taksi kuniita kwa ajili ya pazia. Ukishajaza mafuta mapya, fungua na funga mara kadhaa ili hewa irudi kwenye kichupa, ukiipumzisha pampu katikati, maana mota yake haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo.

Kuna swali ambalo bado linanisumbua: sili moja ikifa, ufungue silinda zote? Zote zina umri mmoja, kwa hiyo akili inasema ndiyo. Lakini kila silinda unayofungua ni mlango wa vumbi, na zipo nilizofungua zikiwa nzima zikarudi zinavuja baada ya miezi miwili. Kwa sasa nafungua iliyokufa, na kama ina pacha upande wa pili, na pacha wake. Na hiyo CLK nimeisafisha kwa mafuta mapya mara tatu, ila mafuta ya breki yaliyokwisha kunywewa na sili za pampu hayatoki kwa kusafisha. Nimemwambia mwenye gari wazi: kwa silinda natoa dhamana, kwa pampu hapana.

Ukiniletea gari linalovuja, usioshe buti kwanza. Nataka kuliona zulia kama lilivyo.